Dirishani: Potasiamu 14, mandazi mkononi

Ukurasa wa barua za wasomaji. Anayejibu ni mteknolojia wa maabara, mzaliwa wa Pangani, mwenye miaka 26 kwenye hadubini.

Mwezi uliopita niliandika sentensi moja tu: kwamba mwanangu wa mwisho amekataa kusomea maabara kwa sababu hataki "kazi ya kushika mavi ya watu". Mhariri alitaka kuifuta, nikamwambia aiache kwa kuwa ndiyo maneno aliyoyasema mtoto. Sasa nimevuna. Kuna walionipa pole, kuna walionicheka, na mzazi mmoja wa Lushoto ameomba ile nafasi ya chuo ya mwanangu apewe wake, kana kwamba naitunza kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Basi leo sijibu habari za presha wala vidonda vya tumbo. Leo ni maabara tupu.

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Masasi, nimemaliza kidato cha nne. Nimepata Biolojia C, Kemia D, Fizikia D, Kiingereza D, Kiswahili B, Hisabati F. Nataka kusomea maabara, ila mjomba anayenisomesha anasema hiyo ni kozi ya walioshindwa udaktari na kazi yake ni kubeba chupa za mikojo. Nisome, au nitafute kingine?*

Marahaba mwanangu. Nianze na mjomba, maana ndiye mwenye hela.

Asubuhi moja, zamu yangu hospitali ya wilaya, mashine ilinitolea potasiamu 14 ya mama mmoja wa makamo. Kiwango cha kawaida ni 3.5 hadi 5. Mtu akifika 7 unaanza kuhofia moyo wake kusimama. 14 hiyo ni namba ya marehemu. Nikatoka hadi kwenye benchi, nikaita jina. Akaitika mwenyewe, mandazi mkononi, akaniuliza kama majibu yapo tayari awahi gari. Nikarudi ndani kuangalia kalsiamu yake: karibu na sifuri. Hapo nikaelewa. Ile chupa ya kifuniko cha zambarau tunayowekea damu ya kuhesabu chembe ina dawa iitwayo EDTA. Ni chumvi ya potasiamu, na kazi yake ni kuikamata kalsiamu ili damu isigande. Muuguzi aliona chupa yangu nyekundu, ile ya kupimia potasiamu, haijajaa, akaijazia kwa damu iliyokuwa kwenye ya zambarau. Hakuwa na ubaya, alitaka kunisaidia. Nikamtoa yule mama damu upya, ikasoma 4.1. Akaondoka akinung'unika kwamba maabara hii inapenda damu za watu.

Laiti ningeandika 14 na kuisukuma dirishani, daktari mwenye haraka angeweza kumtundikia dripu ya kushusha potasiamu mtu mzima wa afya, na dripu hiyo ndiyo ingemmaliza. Chupa za mikojo tunabeba kweli, hapo mjomba hakukosea. Lakini siku ile mashine ilikuwa nzima, kipimo kilikwenda sawasawa, na namba ilikuwa ya uongo. Kuijua namba ya uongo ndiyo kozi yenyewe. Mengine mengi mashine inafanya.

Sasa matokeo yako. D ni ufaulu, usitembee umeinamisha kichwa. Kemia, Biolojia na Fizikia unazo, na hizo ndizo nguzo za kuingia diploma. Lakini usinichukue mimi kama ndiyo kitabu: masharti hubadilika, na vyuo vingine huongeza yao juu. Kila mwaka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, hutoa mwongozo wa udahili. Upakue, tafuta kozi ya maabara, soma mstari wa chuo unachokitaka. Chuo ambacho hakimo kwenye mwongozo huo usikipelekee hata shilingi ya fomu, hata kama bango lao lina picha ya daktari mzungu.

Diploma ni miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6. Ukiishia ngazi ya 5 unatoka na cheti, unakuwa msaidizi wa maabara. Ukimaliza ya 6 unakuwa mteknolojia. Baada ya hapo kuna Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, lililotokana na sheria ya mwaka 2007. Bila usajili wake hata ukiwa na cheti kinachong'aa huruhusiwi kutoa majibu ya mgonjwa. Ukitaka digrii, iko Muhimbili, iko Bugando, iko KCMC. Mwenye diploma huanza kufikiriwa akiwa na GPA ya 3.0, na penye ushindani hiyo haitoshi, kwa hiyo usije ukalala mwaka wa kwanza ukidhani utafidia wa tatu. Mjomba akikwama ada, mwambie Bodi ya Mikopo ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 kukopesha na wanafunzi wa diploma wa fani za kipaumbele, na afya imo.

Ile F ya Hisabati usiifunike na mkeka. Rudia mtihani wake. Sikwambii kwa ajili ya fomu peke yake. Nilikuwa na kijana wa fildi nilimwambia anitengenezee Giemsa, rangi ya slaidi za malaria, ya asilimia 10, mililita 50. Inatakiwa mililita 5 za rangi na 45 za maji yake maalumu. Yeye akamimina 10 ndani ya 50. Slaidi za malaria zikatoka nyeusi kama sufuria ya ubwabwa, na wagonjwa 20 walisubiri upya.

Ajira? Serikali haiajiri kila anayehitimu. Nawafahamu waliojitolea mwaka mzima, wengine miwili, wakilipwa nauli na shukrani. Maabara binafsi zinaajiri mapema zaidi na hulipa wanavyoona. Nakwambia sasa ili usije kuniandikia barua ya lawama baadaye.

*Dada yangu, salamu. Binti yangu ana miaka 19, amechaguliwa chuo cha maabara. Roho inanidunda. Nasikia huchomwa na sindano zenye UKIMWI. Tena mwenyewe akiona kuku anachinjwa anafumba macho. Mama wa Tandika.*

Salamu zimefika, dada. La kuku ondoa wasiwasi. Kuku anapiga mbawa, anatapatapa, anakuangalia. Damu ya chupa haikuangalii. Mimi siku ya kwanza sikuzimia kwa damu, nilizimia kwa makohozi: kopo limefunguliwa, nikaamka nimelazwa kwenye kiti cha mtoa damu na wenzangu wananipepea na faili. Choo nilikizoea ndani ya wiki. Makohozi yalinichukua muhula.

La sindano siwezi kukufariji kwa uongo, huwa tunachomwa. Mtu aliyechomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi vya UKIMWI, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watatu katika 1000, na ukianza dawa za kinga ndani ya saa 72 unapungua sana. Dawa hizo humezwa siku 28. Mimi nimezimeza. Nilichomwa usiku wa zamu, mtoto alikuwa akirusha miguu wakati namtoa damu. Kichefuchefu kilinitesa kama mimba, na mume wangu ndiye aliyekuwa akinipigia simu saa mbili usiku kunikumbusha kidonge. Nikapima mpaka mwisho wa ratiba, nikatoka salama.

Kinachonitisha mimi zaidi ya UKIMWI ni homa ya ini aina ya B. Hiyo kwa sindano inaambukiza kwa urahisi kuliko UKIMWI, lakini ina chanjo: sindano tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Binti yako aanze kabla ya kwenda fildi. Usingoje chuo kikukumbushe, maana hesabu ya miezi sita haimsubiri mkuu wa chuo. Na umwambie hivi, kwa sauti yako ya mama: sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko chake, inakwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha njano. Wengi niliowaona wakichomwa walichomwa wakirudisha kifuniko.

*Mama Dirishani, niko mwaka wa pili, fildi yangu ni zahanati binafsi huku Kanda ya Ziwa. Kila anayeingia anapimwa Widal na mkojo, na mwenye zahanati anataka majibu yawe chanya ili dawa zitoke. Juzi niliandika mkojo safi, karatasi ikarudi: "Weka UTI, huyu ana bima." Nikikataa hatanisainia kitabu cha fildi. Nifanyeje?*

Kijana wangu, ni barua yako iliyonifanya niziweke kando zote nyingine za mwezi huu.

Tuanze na hiyo Widal, maana nusu ya nchi inatembea na taifodi ya karatasi. Mfaransa Fernand Widal alikitangaza kipimo hiki mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu. Kinatafuta askari ambao mwili uliwatengeneza dhidi ya mdudu, na askari hao hubaki kambini muda mrefu baada ya vita kwisha. Hapa kwetu, ambako taifodi ni mgeni wa kila siku, mtu aliyeugua zamani, au aliyechanjwa, au mwenye homa nyingine kabisa, malaria ikiwemo, anaweza kutoka chanya. Widal moja ya mgonjwa mmoja, siku moja, inakwambia kidogo mno. Ukitaka kuijua taifodi, otesha damu, na uichukue kabla mtu hajameza antibayotiki. Najua zahanati yako haina pa kuotesha. Ndiyo maana Widal imekuwa mtaji.

Halafu mkojo. Mgonjwa ameuleta kwenye chupa ya soda, umekaa kwenye mkoba tangu alfajiri, na si ule wa katikati bali wa mwanzo. Unaona chembe za ngozi zimejaa, bakteria wanaogelea, unaandika UTI. Bakteria hao wamezaliwa ndani ya mkoba! Mkojo unatakiwa ufike maabara ndani ya saa mbili au ukae kwenye friji. Ukiuotesha, kipimo tunachokwenda nacho tangu zamani ni bakteria 100,000 kwa mililita, wa aina moja, na mgonjwa awe na dalili. Niliwahi kumwambia mzee wa watu kwamba mkojo wake una sukari nyingi. Akakaa chini akashika kichwa. Nilipouliza chupa ameitoa wapi, ilikuwa ya sharubati ya ukwaju ya mjukuu.

Wewe unadhani ukiandika UTI ya uongo aliyeumia ni bima. Njoo hospitali kubwa uone sahani zetu za kuotesha. Tunaweka vidonge vidogo vya dawa juu ya bakteria, tunaacha usiku kucha. Dawa ikifanya kazi asubuhi unakuta duara safi kuizunguka. Siku hizi nakuta sahani ambayo bakteria wameota mpaka wamegusa kidonge cha sipro, hakuna duara hata la ukucha. Wamezoea, maana kila mwenye kiuno kinachouma mtaani kwako ameshaimeza mara nne.

Sasa nikuambie langu, usije ukadhani naongea kutoka mbinguni. Mwaka wangu wa kwanza kazini, saa tisa alasiri, slaidi 60 zimepangwa mbele yangu, mwenzangu yuko msibani. Kabla ya kusema slaidi ya malaria haina vimelea unatakiwa uangalie sehemu 100 chini ya lenzi ya mafuta. Nikawa naangalia 20. Naandika "hakuna vimelea", naitupa sandukuni, nachukua nyingine. Usiku wa manane akarudishwa mtoto wa miaka mitatu anatetemeka degedege, na karatasi yenye mwandiko wangu imekunjwa mfukoni mwa baba yake. Mzee aliyekuwa mkuu wetu hakunifokea. Aliitafuta slaidi ileile kwenye sanduku, akanikalisha, akasema, "Hesabu kwa sauti." Sehemu ya 41 nikaviona, vipete vidogo vyenye kito cha zambarau, viwili ndani ya chembe moja. Mtoto alitundikiwa dripu ya kwinini, akapona. Baba yake aliniletea mkungu wa ndizi kushukuru. Hajui mpaka leo.

Mimi nilichoandika kilikuwa uvivu na woga wa foleni. Unachoombwa wewe ni zaidi ya hapo, na wewe ni mwanafunzi, huna hata pa kujificha.

Fanya hivi. Kwanza, andika ulichokiona, kwenye rejesta, kwa kalamu ya wino, na majibu unayotoa yawe hayohayo. Akitaka kubadilisha abadilishe yeye kwa mwandiko wake. Pili, usigombane naye barazani. Wewe ni mtoto wa watu kwenye nyumba ya mtu. Mpigie mratibu wa fildi wa chuo chako leo, mweleze kwa mdomo kisha kwa maandishi, omba uhamishiwe kituo kingine. Vyuo vina vituo vingi na hilo hufanyika. Wiki mbili utakazorudia si kitu. Tatu, rejesta ya zahanati si yako. Usipige picha majina ya wagonjwa ukayatupia kwenye makundi ya simu ukidhani unawaumbua. Hapo kosa litakuwa lako. Maabara binafsi zina bodi yake chini ya sheria ya mwaka 1997, na walimu wako wanajua njia ya kufika huko. Waachie.

Akikunyima saini, niandikie. Hapo nitakuja na lugha nyingine.

*Mimi ni mkazi wa Morogoro. Hapa Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, panya wananusa makohozi na kugundua kifua kikuu. Hospitalini nako kuna mashine inayopima yenyewe. Mwanangu akimaliza chuo si atakuta kazi zote zimechukuliwa na panya?*

Umenichekesha, ndugu yangu, lakini swali ni zuri.

Wale panya buku wa shirika la APOPO nawaheshimu kuliko baadhi ya watu niliofanya nao kazi. Panya mmoja ananusa sampuli 100 kwa dakika zisizofika 20. Mimi kwa hadubini sampuli hizo ni kazi ya siku kadhaa. Lakini uliza nini kinafuata. Panya akikwaruza kwenye sampuli, hakuna mgonjwa anayepewa dawa kwa sababu panya amesema. Sampuli inarudi kwa mtu wa maabara athibitishe. Na makohozi mengi wanayonusa yalishapita kwetu kwenye vituo tukayaandika hasi. Kwa hiyo panya ananizidishia kazi, tena ananisahihisha.

Mashine ya GeneXpert nayo, Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake mwaka 2010. Ndani ya saa mbili inakwambia kama kuna TB na kama imeshakuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Zamani kuotesha kungekuchukua wiki sita mpaka nane. Nzuri sana. Lakini mashine hiyo ukiipa mate badala ya makohozi itayapima kwa heshima zote, na itakwambia hasi. Anayesimama nje na mgonjwa chini ya mwarobaini akimfundisha avute pumzi, akohoe kutoka ndani, ateme tena, ni mtu. Umeme ukikatika katikati ya kipimo, ni mtu. Mwaka 2023, Machi, watu walipokufa Bukoba Vijijini kwa homa isiyojulikana, sampuli zilipelekwa maabara ya taifa, na tarehe 21 nchi ikatangaziwa kuwa ni virusi vya Marburg. Kuna mtu aliyekwenda kuzichukua sampuli zile kitandani, akazifunga tabaka tatu, akasafiri nazo. Jina lake hatukulisikia redioni, na sidhani kama alitarajia.

Hapo ndipo ningemuuliza mwanao. Anapenda kushukuriwa? Kama anapenda, awe daktari au mchungaji.

*Kwa nini majibu yenu yanachelewa? Natoa sampuli Jumatatu naambiwa njoo Alhamisi, mko mle ndani mnakunywa chai. Msomaji, Dodoma.*

Chai tunakunywa. Bakteria huota kwa mwendo wake. Saa 24 za kwanza aonekane, nyingine 24 tumjue jina na dawa inayomuua. Ukimwamsha mapema hasemi.

*Habari yako mwalimu. Niko Mombasa, nina diploma ya maabara kutoka KMTC, chuo cha tiba cha Kenya, na nimefanya kazi miaka mitatu. Ajenti ananiambia kwa shilingi kadhaa atanipeleka Oman moja kwa moja, bila mtihani. Niamini?*

Usiamini, mwanangu. Nchi nyingi za Ghuba zinapitia vyeti vyako kupitia kampuni ya DataFlow, inayoandika barua hadi chuo ulichosoma na bodi iliyokusajili kuuliza kama ni kweli. Kisha kuna mtihani wa kompyuta, Prometric. Anayesema anaweza kukurusha vyote viwili anakupeleka kufanya kazi nyingine kabisa, au hakupeleki popote. Hakikisha leseni yako ya KMLTTB, bodi ya maabara ya Kenya, haijaisha, miaka yako mitatu iwe na barua yenye mhuri, majina kwenye pasi na kwenye vyeti yafanane herufi kwa herufi. Wakwetu huwa tunakwama hapo: cheti kinasema Mohamed, pasi inasema Muhammad, kitambulisho kinasema Mohammed, na DataFlow hawamjui yeyote kati ya hao watatu. Pasi yako usimwachie mtu.

Rafiki yangu wa chuo yuko Maskati mwaka wa tisa. Ananiambia damu ni ileile, mashine ni mpya, na mara kwa mara bibi mmoja wa Kiomani hufika dirishani akamwuliza kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Mwanangu, sukari yangu vipi leo?" Siku hizo, anasema, anatamani kurudi nyumbani mpaka anapoangalia mshahara.

*Shikamoo dada. Mimi ni mhudumu wa maabara hospitali moja mkoani Kigoma, miaka 36. Mwaka wa tisa huu naosha slaidi na chupa, nachemsha takataka, napokea sampuli. Wateknolojia wamenifundisha mengi ila siruhusiwi kugusa. Kidato cha nne nilipata D za Kemia, Biolojia na Fizikia. Cheti kiliungua na nyumba 2015. Naona nimeshachelewa, ila naandika tu.*

Marahaba mdogo wangu. Hukuandika tu. Mtu haandiki kurasa nne za daftari mbele na nyuma "tu".

Darasani utakaa na watoto wa miaka 18 watakaokuita baba, na wiki ya kwanza utajuta. Wiki ya tatu mtaingia maabara ya chuo, watashika slaidi kwa kidole katikati ya kioo, na wewe utaishika kwa kingo bila kuambiwa. Nimewaona wa aina yako. Nadharia inawatoa jasho, hasa biokemia, na hapo hao watoto watakufaa. Wape chai wakufundishe. Vitendo vyote utawafundisha wewe.

Kazi ni makaratasi, basi twende kwa mpangilio. Cheti kilichoungua hakijafa, maana Baraza la Mitihani, NECTA, wana matokeo yako. Anza polisi upate taarifa ya upotevu, kisha uombe kwao cheti mbadala. Watakwambia na mengine wanayotaka, na inachukua muda, kwa hiyo usisubiri dirisha la udahili lifunguke. Kama umeajiriwa na serikali, omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri kwa maandishi kabla hujaondoka. Nimeona mtu amerudi na diploma akakuta ameshafutwa kwa utoro. Mganga mkuu wako mwambie mapema, na wale wateknolojia waliokufundisha wakuandikie barua, si ya sifa, ya kazi: miaka tisa, sampuli ngapi kwa siku, umewahi kuchanganya ngapi.

Swali la mkeo uliloliweka mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, kama atakubali ukae miaka mitatu mbali na watoto wanne, sina kipimo chake. Muulize yeye, tena umwonyeshe hesabu ya ada.

Koti jeupe usinunue. Ninalo la marehemu mkuu wangu, yule aliyenihesabisha slaidi. Mkewe alinipa na limekaa kabatini miaka sita. Alikuwa mtu mrefu. Mtumie mhariri upana wa mabega yako, nikalipunguze.